Kuiendesha Hadubini Iliyo Mbali

Bwana Mhariri ameniandikia barua akiniomba kurasa mbili tatu za masomo kwa ajili ya sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu. Amesema niwaeleze wanafunzi jambo la kazi yangu ambalo sisi wa zamani hatukufundishwa darasani. Nimefikiri, nikachagua hili: namna mtu aliyeketi katika mji mmoja anavyoweza kuiendesha hadubini iliyo katika mji mwingine, kwa njia ya intaneti, akatazama damu ya mgonjwa asiyemjua.

Mimi ni mtu wa Tungue. Wengi wenu mtalitafuta jina hilo katika ramani msilione, maana ramani za leo huandika Palma. Tungue ni jina la zamani la ghuba ile na nchi inayoizunguka, kusini ya mto Ruvuma, katika pembe ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Mpaka mwaka 1887 ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja, ndipo Wareno wakaitwaa. Wazee wetu husema Kimakwe, Kimwani na Kiswahili, nami nilivuka Ruvuma nikiwa mtoto ili nisome. Natanguliza habari hizi kwa sababu ya umbali, na umbali ndio kiini cha somo letu. Toka Tungue mpaka Maputo, makao makuu ya nchi, kwa mstari ulionyooka ni yapata kilomita 1,900. Mpaka Dar es Salaam, iliyo nchi nyingine kabisa, hazitimii 500. Mpaka mji wa Pemba, makao makuu ya jimbo letu (si kisiwa cha Pemba, jihadharini katika mtihani), ni kama 250, lakini gari hazipiti hewani, na njia ya nchi kavu ni ndefu zaidi sana.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya maabara niliwekwa peke yangu katika kituo kidogo cha pwani. Siku moja mjomba wangu alimleta bintiye wa miaka sita, ana homa kali na kichwa kinamwuma. Nilimtoboa kidole, nikapaka damu juu ya kioo, nikaitia rangi ya Giemsa, nikatazama. Nikaona vitone vya zambarau vingi. Nikaandika: malaria. Akapewa dawa ya malaria siku tatu, homa isishuke, shingo ikakaza. Alipofikishwa hospitali kubwa, madaktari wakakuta ni homa ya uti wa mgongo. Kioo changu kilipelekwa pamoja naye, na mzee mmoja wa maabara akakitazama kwa muda usiozidi dakika mbili. Havikuwa vijidudu. Zilikuwa punje za rangi iliyoganda, kwa sababu nilichanganya rangi ile na maji ya kisima yenye chumvi badala ya maji yaliyopimwa. Mtoto alipona, lakini masikio yake hayakusikia tena. Leo ni mama wa watoto wawili, na tukionana hunisalimu kwa mikono.

Dakika mbili za jicho la yule mzee ndizo nilizozikosa siku ile. Yeye alikuwa mbali.

Basi tuanze. Watu wengi huita kila chombo cha lenzi darubini. Walimu husema afadhali darubini iwe kile cha kutazamia vitu vilivyo mbali, na hadubini kile cha kutazamia vitu vidogo. Chombo tunachokisema hapa kinavunja mpaka huo, kwa kuwa ni cha kutazamia vitu vidogo vilivyo mbali.

Kwanza fahamuni udogo wenyewe. Seli nyekundu ya damu ina upana wa sehemu 7 au 8 za elfu moja ya milimita. Kijidudu cha malaria, kikiwa bado kichanga ndani ya seli hiyo, ni kama kipete chembamba kisichofika theluthi moja ya upana wake. Ili kukiona twatumia lenzi ya kukuza mara 100, na lenzi ya machoni ya kukuza mara 10. Jumla mara 1,000. Kwa ukuzaji huo duara unaloliona lina kipenyo cha milimita 0.2 tu. Tone la damu tunalolipaka, lile liitwalo tone nene, lina kipenyo cha milimita 10 hivi. Fanyeni hesabu: ndani ya tone hilo mna maduara 2,500. Desturi ya kazi ni kutazama yasiyopungua 100 kabla hujathubutu kusema hapana malaria. Maana yake, hata mpimaji mwangalifu huona sehemu 1 katika 25 ya tone, na ni lazima ajue pa kusogea.

Kazi ya mikono ya mpimaji basi ni hizi tu: husogeza kioo kulia na kushoto, mbele na nyuma, hugeuza skrubu ya kusafisha picha, hubadili lenzi, huongeza au hupunguza mwanga. Hapana zaidi. Na kila moja yaweza kufanywa na mota. Mota inayotumika si ile izungukayo mfululizo kama ya pangaboi, bali huzunguka kwa hatua, kila ikipata pigo moja la umeme huenda hatua moja. Kwa kawaida hatua 200 hutimiza mzunguko mmoja. Ikiwa skrubu yake husogeza meza ya kioo milimita 1 kwa mzunguko, hatua moja ni sehemu 5 za elfu ya milimita, yaani haifiki upana wa seli moja nyekundu. Palipo jicho huwekwa kamera. Kamera na mota hufungwa katika kompyuta, na kompyuta katika intaneti. Aliye mbali akibonyeza alama ya kulia, amri husafiri, mota hupiga hatua, kamera hupiga picha mpya, picha hurudi.

Mambo haya si mapya kama mnavyodhani. Mwaka 1968, huko Boston, Marekani, madaktari wa hospitali ya Massachusetts General walitazama damu ya wagonjwa waliokuwa katika kituo cha uwanja wa ndege wa Logan kwa njia ya televisheni, picha nyeusi na nyeupe, lakini hadubini yenyewe iliendeshwa na mtu aliyekuwa pale pale. Mwaka 1986 daktari mmoja, jina lake Ronald Weinstein, alionyesha watu hadubini yenye mota iliyokuwa El Paso, Texas, ikiendeshwa na mtu aliyekaa Washington, ishara zikipita kwa setilaiti. Wanorwe ndio walioifanya kuwa kazi ya kila siku. Tangu mwaka 1989 madaktari wa Tromsø walianza kuzihudumia kwa njia hii hospitali ndogo za kaskazini ya mbali zisizo na daktari wa patholojia, yaani yule ambaye kazi yake ni kutambua ugonjwa kwa kutazama vipande vya nyama ya mwili. Moja ni ya Kirkenes, yapata kilomita 400 kutoka Tromsø, pande za theluji ambako katika majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki nyingi. Mgonjwa yuko mezani amepasuliwa. Kipande cha uvimbe hukatwa, hugandishwa kwa baridi, hukatwa vyembamba na kutiwa rangi. Daktari wa Tromsø hukitazama akiiendesha hadubini ya kule. Kisha humwambia mpasuaji kama ni saratani au sivyo, na mpasuaji huamua aendelee au ashone. Bila ya hivyo ingelazimu kushona, kupeleka kipande kwa ndege, kungoja jibu, na pengine kumpasua mtu yule yule mara ya pili.

Hapa msomaji mwerevu atauliza: kwa nini tuhangaike na mota, si tupige picha kwa simu tukampelekea mjuzi? Ni swali zuri, na kwa magonjwa mengi jibu ni kwamba picha yatosha. Lakini apigaye picha ndiye achaguaye cha kuonwa. Kama siku ile ningekuwa na kamera, ningepiga picha ya vitone vyangu vya zambarau, maana ndivyo vilivyonishangaza. Tena picha ni ya kina kimoja tu. Lenzi ya mara 100 husafisha picha ya tabaka ambalo unene wake haufiki sehemu 1 ya elfu ya milimita. Vilivyo juu yake na chini yake ni ukungu. Punje za rangi mara nyingi hukaa juu ya seli. Ukigeuza skrubu kidogo, punje hung'aa na kutoka katika picha wakati seli zingali zikionekana, ndipo unapojua kuwa ni uchafu. Jambo hilo yule mzee alilijua kwa kidole chake. Katika picha iliyokwisha kupigwa hapana skrubu ya kugeuza.

Njia ya tatu ni ya mashine inayopiga picha kioo kizima, duara baada ya duara, na kuziunga ziwe picha moja kubwa. Picha hii huwekwa katika kompyuta ya mbali, na mjuzi huitembelea wakati apendao, kama mtu atembeaye katika ramani. Tuipime kwa hesabu. Tuseme eneo la milimita 15 kwa 15, na kila nukta ya picha ni robo ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Upande mmoja una nukta 60,000. Zote pamoja ni 3,600,000,000. Kila nukta huchukua baiti 3 za rangi, jumla zaidi ya bilioni 10. Zikibanwa mara 20 hubaki kama megabaiti 540. Kwa mtandao wa simu upitishao megabiti 2 kwa sekunde (kumbukeni baiti moja ni biti 8) hiyo ni safari ya dakika 36, ikiwa umeme haukukatika. Lakini picha ya duara moja tu, nukta milioni 3, ikibanwa vivyo hivyo, yapita kwa sekunde 2 hivi. Hapo ndipo uendeshaji wa mbali unapopata faida katika nchi zenye mtandao dhaifu: hupeleki ngalawa nzima ya samaki sokoni, wapeleka yule mmoja aliyeulizwa.

Iko taabu yake, nayo ni ucheleweshaji. Setilaiti za zamani za mawasiliano zimetulia juu kadiri ya kilomita 36,000. Amri ikipanda na kushuka imekwenda kilomita 72,000, na kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, ni karibu robo ya sekunde. Picha ikirudi, robo nyingine. Nusu ya sekunde yaonekana ndogo, lakini aliyepata kushika usukani wa jahazi zito anajua habari yake. Unageuza, chombo hakiitiki, unazidisha, kisha chombo chaitikia yote kwa pamoja nawe umekwisha kupita ulipotaka. Wageni wa hadubini ya mbali huyumba namna hiyo hiyo, wakikifukuza kijidudu kulia na kushoto. Wajuzi hutoa amri moja, hungoja, kisha hutoa nyingine. Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Waya za baharini za nyuzi za kioo zilifika pwani yetu, ule wa SEACOM mwaka 2009 ukigusa Mombasa, Dar es Salaam na Maputo, na mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani toka Mombasa mpaka Maputo ni chini ya sehemu 2 za mia za sekunde. Na tangu mwaka 2023 watu wa Msumbiji huweza kununua huduma ya setilaiti za chini za Starlink, zilizo juu kadiri ya kilomita 550 tu.

Mfano wa kwetu sisi watu wa pwani uko Kinondo, katika Kwale, Kenya, kama kilomita 700 kaskazini ya Tungue. Katika hospitali ya Kinondo Kwetu, tangu Septemba 2018 mpaka Septemba 2019, wanawake 740 wenye virusi vya UKIMWI walipimwa saratani ya shingo ya kizazi. Seli zilizochukuliwa zilipakwa juu ya vioo. Hadubini ndogo yenye mota, kisanduku cha kuwekwa mezani, ikapiga picha kila kioo kizima. Picha zikapelekwa kwa mtandao wa simu za mkononi mpaka kompyuta za mbali. Wataalamu wa Finland na Sweden wakaifundisha kompyuta kuzitazama kwanza na kuonyesha mahali pa kutiliwa shaka. Kompyuta iligundua karibu vioo vyote vyenye seli zenye kasoro, ingawa mara nyingine ilipiga yowe pasipo mwizi. Wenzao walifanya vivyo hivyo kwa choo cha watoto wa shule za Kwale mwaka 2020, sampuli 1,335, wakitafuta mayai ya mchango, ya minyoo ya mjeledi na ya safura. Katika sampuli 792 za mtihani wenyewe, kompyuta ilionyesha mayai machache machache katika 79 ambazo macho ya wapimaji yalikuwa yameyapita. Sikusema hayo ili kuwadharau wapimaji. Mimi ni mmoja wao, na nawaambieni kwamba baada ya kioo cha arobaini jicho huanza kuona linachotaka.

Kwa upande wa Malawi, jirani yetu, hospitali ya Kamuzu Central ya Lilongwe ina maabara ya patholojia tangu mwaka 2011, na madaktari wake wamekuwa wakikutana kwa intaneti na wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina kuzitazama picha za vioo pamoja na kushauriana. Jambo linalonipendeza katika habari hiyo ni kwamba Wamalawi hawakukaa kungoja jibu tu. Wote wawili hutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na huyu husema, na yule husema.

Tungue kwetu sijauona mtambo wa namna hii, nami natamani kuuona. Lakini sitaki mdhani kuwa ukifika shida zimekwisha. Mafuta ya lenzi ya mara 100 hayamwagwi kwa intaneti. Ni lazima mtu wa pale ayatone. Damu ni lazima itolewe, ipakwe, ikauke, itiwe rangi kwa maji yenye kipimo cha 7.2, na hakuna mjuzi wa Helsinki wala Maputo awezaye kukisafisha kioo kilichoharibiwa na maji ya chumvi. Yule mzee, kama angekuwa upande wa pili wa waya, angeniambia: hizi ni punje, paka kingine. Kumpaka mtoto kingine kulikuwa juu yangu. Kadhalika jina la mgonjwa halifai kusafiri na picha. Hupelekwa namba tu, na daftari la majina hubaki kabatini. Tena ni lazima ijulikane tangu mwanzo ni nani atakayetia sahihi juu ya jibu, aliye mbali au aliye karibu, maana jibu likikosewa kila mmoja asije akamnyoshea mwenzake kidole.

Na waya hukatika. Aprili 2019 tufani iliyoitwa Kenneth iliipiga Cabo Delgado. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa kwa silaha, watu wakakimbia kwa miguu na kwa mashua, na simu zikakatika. Siku kama zile ndipo majeruhi na wagonjwa wanapokuwa wengi, na ndipo mjuzi wa mbali anapotoweka. Kwa hiyo mimi nasema, kila saa ambayo mjuzi wa mbali anaiendesha hadubini yetu, kijana wa pale na akae kando ya kioo cha kompyuta akitazama anakwenda wapi, anasimama wapi, anageuza skrubu wakati gani. Nilijifunza zaidi kwa kumwona yule mzee akikitazama kioo changu dakika mbili kuliko kwa kitabu kizima.

Sasa kuna zoezi ambalo shule yenye hadubini moja na simu mbili yaweza kulifanya. Chukueni ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, muiweke juu ya kioo na tone la maji, na mahali fulani penye kioo mwalimu atie nukta ndogo ya wino bila kuwaonyesha. Fungeni simu moja kwa mpira juu ya lenzi ya machoni, muipigie simu ya pili kwa njia ya picha. Mwanafunzi wa kwanza ashike hadubini lakini asitazame. Wa pili awe chumba kingine, yeye ndiye mwenye kutazama na kutoa amri: kulia, kushoto, mbele, nyuma, safisha, simama. Kumbukeni kwamba katika hadubini picha imepinduliwa. Kioo kikienda kulia, picha huenda kushoto, na aliye mbali ndiye wa kulikumbuka hilo, si mwenye mkono. Pimeni muda mpaka nukta ionekane katikati. Kisha mwalimu ahamishe nukta, nanyi mrudie, lakini safari hii mwenye mkono ahesabu moja, mbili, kimoyomoyo kabla ya kutii kila amri. Hiyo itawaonjesha setilaiti ya zamani, tena kwa kuzidisha kidogo. Mara ya tatu tumieni lenzi ya kukuza zaidi, mtaona jinsi skrubu ya kusafisha inavyokuwa fitina.

Andikeni dakika na sekunde za kila mara, na kila kosa lililotokea, hata lile la kuvunja kioo, kisha mpeni Bwana Mhariri anipelekee. Ningependa kujua ni darasa gani lililoweza kuipata nukta kwa lenzi ya mara 40 huku mwenye mkono akihesabu mbili.